Jinsi ya kutafsiri muvi ya samurai bandani bila kupiga watu kamba

Mambo vipi wana, na wakubwa zangu shikamooni. Madogo wa hapa Mwanga, Kigoma, na wa kule Ujiji wanaotaka kushika maiki kwenye mabanda ya video wananiuliza kila siku, bro hizi za Kijapani unazitafsirije na lugha yenyewe huijui, sa leo nimeamua niandike yote sehemu moja nisiwe najibu mmoja mmoja. Mi kwenye maiki mwaka wa 14 huu. Nilianza na za Kihindi, nikaja za Kichina, hizi za samurai ndo zilinitesa maana nilikuwa nazipeleka kama za Kichina tu, mtu akichomoa upanga napiga makelele ya kung fu, watu wanacheka, kiingilio kinaingia, maisha yanaenda.

Mpaka siku moja mzee mmoja baharia mstaafu aliingia bandani kumtafuta mjukuu wake, akakaa kidogo akasikiliza, alafu akasimama mbele za watu akasema "mwanangu hao sio Wachina, na huyo unayemwita mfalme si mfalme, mfalme wao yupo ila kwenye muvi hii hajaonekana kabisa." Banda lilikaa kimya, alafu kicheko, na safari hii nachekwa mimi. Kesho yake nikamfuata kijiweni kwenye kahawa, nikamwamkia, nikamnunulia vikombe vitatu na kashata, nikamwambia baba nifundishe. Mengi ya hapa yalianzia pale, mengine nimeyasoma mwenyewe baadae.

Kitu cha kwanza, kabla hujafungua mdomo, jua muvi iko miaka ipi. Masamurai walikuwepo kwa karne nyingi na hawakufanana, ni kama mtu achukue askari wa Mirambo na mgambo wa leo aseme wote ni walewale. Sa we ukiwa huna kitabu wala maelezo, flashi imeletwa na mtu kutoka Dar haina hata jina, utajuaje miaka? Unaangalia kiuno.

Ukiona upanga umening'inizwa kwa kamba na makali yanaangalia chini, huo unaitwa tachi, upo enzi za kale, enzi za farasi. Ukiona umechomekwa kwenye mshipi wa kitambaa na makali yanaangalia juu, hiyo ndo katana yenyewe, upo miaka ya mbele ambapo watu wanapigana sana kwa miguu na mtu anataka achomoe na kukata kwa mwendo mmoja. Ukiona pea, mrefu na mfupi pamoja, tena jamaa hana deraya, amevaa nguo za kawaida anatembea mjini, hapo jua upo enzi za Edo, kuanzia 1603 mpaka 1868, maana ile pea ilikuwa kama kitambulisho, mkulima hakuruhusiwa kuivaa na mfanyabiashara awe na hela kiasi gani nae hakuruhusiwa. Huo mfupi ni wakizashi. Ukishaangalia kiuno panda kichwani, kama utosi umenyolewa na nywele za nyuma zimefungwa kifundo kikalazwa juu ya kichwa, huyo yuko kazini, ana bwana wake. Kama utosi umeota nywele ovyo na nguo imechakaa basi wenye muvi wanataka ujue huyo ni ronini, samurai asiye na bwana, na asilimia kubwa huyo ndo stelingi wako kwahiyo usimuue kwa mdomo mapema.

Sasa huyo "mfalme" aliyeniaibisha. Mfalme wao alikuwa anakaa Kyoto, anaheshimiwa kama mtu mwenye asili ya miungu ila nguvu za kuamuru hana, nguvu anazo mkuu wa majeshi anaitwa shoguni. Minamoto no Yoritomo alipewa cheo hicho 1192 akatawalia Kamakura, na kuanzia hapo mpaka 1868 nchi kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa watu wa upanga. Chini ya shoguni kuna mabwana wa majimbo, madaimio, kila mmoja na ngome yake na masamurai wake. Kwenye maiki mi daimio namwita Mwami, na banda zima la Waha linaelewa palepale bila maelezo, ukienda kutafsiri Tabora we mwite Mtemi. Yule anayepiga magoti anaitika "ha!" kwa sauti ya tumboni usimwekee maneno mengi, mwekee "naam Mwami" basi. Hata neno lenyewe samurai linatokana na kitenzi cha zamani chenye maana ya kutumikia, kukaa karibu na mkubwa umhudumie, kwahiyo usimtafsiri kama jambazi la mtaani linalojiamulia, huyo ni mtu wa kutumwa, kachero na mlinzi na karani vyote kwa pamoja.

Nyingine iliyonishangaza, samurai wa mwanzo silaha yake kubwa ilikuwa upinde. Upanga ulikuwa wa pembeni. Walikuwa wapiga mishale wa juu ya farasi, na mwenendo wao wenyewe uliitwa njia ya upinde na farasi. Kwahiyo ukikuta muvi ya vita ya koo mbili, Taira na Minamoto, ile ya 1180 mpaka 1185, usikae unasubiri mapanga, simulia mishale. Vita hiyo iliishia majini, sehemu inaitwa Dan-no-ura, mkondo wa maji ukawageukia Taira, watu wakawa wanajitosa baharini na mfalme mtoto akazama nao, bandani kwetu hiyo sehemu sisemi kitu maana nusu ya watazamaji ni wavuvi wa Kibirizi, mkondo wanaujua kuliko mimi. Ni hivyohivyo ukikuta za Wamongolia, walivuka bahari kuja kuipiga Japani mara mbili, 1274 na 1281, ya pili dhoruba ikawavunjia meli zao vibaya, Wajapani wakaita upepo wa miungu, kamikaze. Mvuvi aliyepona upepo wa ziwa usiku hahitaji DJ amwambie ule ni upepo wa aina gani.

Alafu kuna miaka ya vurugu, mi naiitaga miaka ya kila mtu na ngome yake. Ilianza na vita ya Onin 1467 ikaenda zaidi ya miaka 100, daimio huyu anamla yule. Utaijua kwa bendera, maana wapiganaji wanabeba vibendera vimechomekwa mgongoni vyenye rangi na alama ya bwana wao, kwa mtafsiri hiyo ni raha maana unagawa timu kama Simba na Yanga, wekundu hawa, manjano wale, mtazamaji hapotei. Na hapa bandani lazima mtu abishe, et samurai na bunduki wapi na wapi, mtafsiri anatupiga fiksi. Usiogope, komaa. Wareno walifika kisiwa cha Tanegashima 1543 wakiwa na bunduki za utambi, yaani gobole kabisa unajaza baruti kwa mdomo wa mtutu, Wajapani wakazisoma, mafundi wao wa chuma wakazitengeneza kwa wingi, na 1575 pale Nagashino watu wa daimio Oda Nobunaga waliwatandika wapanda farasi wa ukoo wa Takeda kwa hizohizo gobole wakiwa nyuma ya uzio wa miti. Mi namalizaga ubishi kwa kuuliza, rugaruga wa Mirambo walikuwa na mikuki tu? Wanakaa kimya, maana kila mtu aliyepita reli ya kati anajua habari za gobole za Urambo.

Kwenye huyo Nobunaga jiandae, swali litakuja, litatoka benchi la nyuma, "kwani huko hakukuwa na mweusi?" Alikuwepo. Jina wanalomjua nalo ni Yasuke, aliingia Japani 1579 na padri Mjesuiti wa Kiitaliano Alessandro Valignano, na 1581 akapelekwa mbele ya Nobunaga, Nobunaga hakuamini ile rangi, akaamuru avuliwe juu asuguliwe aone kama itatoka. Haikutoka. (Hapo banda huwa linalipuka, waache wacheke kwanza.) Nobunaga akampenda, akamchukua, akampa nyumba na posho na upanga mfupi. Maandishi ya Wajesuiti ya zamani yanasema asili yake Msumbiji, yani jirani yetu huyo wa kuvuka Ruvuma tu. Mwaka uliofuata, 1582, Nobunaga akasalitiwa na jemadari wake Akechi Mitsuhide, akazingirwa kwenye hekalu la Honnoji Kyoto akajiua, Yasuke alipigana siku hiyo akakamatwa, akaachwa hai akarudishwa kwa mapadri, na hapo habari zake zinakatika. Wanahistoria wanabishana kama cheo chake kihalali kilikuwa samurai au la, na we usiingie kwenye huo ubishi kwenye maiki maana muvi itaisha hamjamaliza, sema tu alimtumikia Nobunaga na alibeba upanga, hiyo haina mpinzani.

Baada ya Nobunaga alikuja Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa familia ya chini kabisa aliyepanda mpaka juu, na akishafika juu akavuta ngazi, 1588 akaamuru wakulima wote wanyang'anywe silaha. Ndo maana kwenye muvi nyingi wanakijiji wanakimbilia kuomba msaada badala ya kupigana, hawana kitu, wana majembe. Alafu Tokugawa Ieyasu akashinda vita kubwa ya Sekigahara 1600, 1603 akawa shoguni, akaweka makao Edo, ambayo leo ndo Tokyo. Alama ya ukoo wake ni majani matatu ndani ya duara, ukiiona kwenye mlango au kwenye koti la mtu shusha sauti, hapo amefika mkubwa.

Na hapa ndo pa kukaa sana, maana muvi nyingi utakazoletewa ni za Edo na watafsiri wengi wanazikosea kwa kudhani kuna vita. Hakuna vita. Zaidi ya miaka 200 ya amani, samurai ana upanga na hana wa kumkata. Wengi wakawa makarani, wanahesabu mchele, wanaandika barua, wanakagua madaraja, upanga uko kiunoni kama kitambulisho cha ofisi. Mshahara wao ulihesabiwa kwa mchele kwa kipimo kinaitwa koku, koku moja ni lita 180 hivi, kwa vipimo vyetu ni kama madebe 9, na ilikadiriwa inamtosha mtu mmoja kula mwaka mzima. Daimio ni yule mwenye eneo la koku 10,000 kwenda juu. Samurai wa chini analipwa koku chache, ana mke ana watoto ana mama mzee, mchele anaupeleka kwa dalali anapewa hela, bei ya mchele ikishuka kashuka nayo, anakopa kwa mfanyabiashara ambaye kisheria yuko chini yake kabisa na inabidi amuinamie, kwahiyo huku anainamiwa huku anadaiwa. Wengine walikuwa wanatengeneza miavuli nyumbani wauze kwa siri ya aibu. Ukikuta stelingi amekaa ndani anabandika karatasi kwenye mwavuli usiseme "anafanya sanaa", sema njaa imepiga hodi, na mwalimu au karani yeyote aliyekaa bandani tarehe 20 ya mwezi atacheka kwa uchungu.

Kwa nini hawakuasi? Madaimio walifungwa kwa akili. Kuanzia 1635 ikawa sheria kwamba daimio anakaa mwaka Edo, mwaka jimboni kwake, na mke na watoto wanabaki Edo muda wote, ni kama mateka ila wanakula vizuri. Chukulia Mwami wa Buha aambiwe familia yako itaishi Dar, na we utakuwa unakwenda na kurudi kwa miguu na watu mamia na mizigo kila baada ya mwaka, gharama zote juu yako, utapata wapi hela ya kununua baruti? Ile misafara mirefu unayoiona kwenye muvi watu wa barabarani wamelala kifudifudi ndo hiyo, usiseme "wanaenda vitani", nilishasema hivyo mimi, stelingi akafika akanywa chai.

Chai nayo usiidharau, wakubwa wao walikaa kwenye kijumba kidogo kunywa chai taratibu, mambo ya utulivu na adabu, we nyamaza tu acha watu wasikie maji yanachemka. Angalia upanga umewekwa upande gani mtu akikaa. Ukiwekwa kulia kwake ni amani, maana kuuchomoa kutoka kulia ni shida. Ukiwekwa kushoto, bandani mwambie mtu wa mbele asogeze miguu, kuna kitu kinakuja.

Sepuku. Hapa ndo utajulikana we ni mtafsiri au mpiga debe. Sepuku ni samurai kujiua kwa kujipasua tumbo, harakiri ni neno lilelile limegeuzwa herufi tu na linasikika la mtaani zaidi, wao wenyewe walisema sepuku. Kuna ya kuadhibiwa, kuna ya kukwepa kutekwa, kuna ya kupinga jambo la bwana wako. Anayesimama nyuma yake na upanga si adui, mara nyingi ni rafiki wa karibu ameombwa ammalizie maumivu, nilishawahi kumtafsiri kama msaliti na mpaka leo nikikumbuka nasikia aibu. Usitie utani, usitie mluzi, usitie ile sauti ya "oyooo". Mi nikifika hapo nawakumbusha Mtemi Isike wa Unyanyembe, Januari 1893 Wajerumani wakiwa wameshavunja ngome yake pale Tabora akaona bora awashe baruti alipuke nayo kuliko kushikwa mkono na mzungu. Sisemi ni kitu kimoja, kwao ilikuwa na sheria na nguo zake nyeupe na mashairi ya mwisho, ila mtu wa huku akisikia Isike anatulia, anaelewa kwa nini jamaa hakimbii.

Haya mengine nayapitisha haraka. Ninja mavazi meusi mengi yametoka kwenye michezo ya jukwaani, mpelelezi wa kweli alivaa kama muuza dawa au mkulima apite bila kuonekana, kwahiyo akitokea mweusi tii usiape kwamba ndo historia. Farasi wao walikuwa wadogo, hawa wakubwa wa kwenye muvi ni wa kisasa. Katana haikati jiwe wala mtutu. Zile sheria za bushido, yaani mwenendo wa samurai, zinazosomwa kama amri kumi, mengi ya hayo yaliandikwa na kupangwa hivyo baada ya samurai wenyewe kuisha au wakati wa amani, Nobunaga na wenzake walikuwa wanasalitiana asubuhi na jioni. Na wanawake walipigana, silaha yao hasa ilikuwa naginata, mpini mrefu wenye makali ya upanga mbele. Nakano Takeko 1868 kule Aizu aliongoza wanawake wenzake kwenda kuzikabili bunduki, akapigwa risasi ya kifua, ana miaka 21. Dada zetu wa benchi la mbele ukiwapa hiyo kesho wanarudi na wenzao.

Wakikuuliza waliishaje, usiseme waliuawa wote. Walifutwa kazi. 1868 shoguni akaondoka, mfalme akarudishiwa nchi. 1871 majimbo ya madaimio yakafutwa, na mwaka huohuo ndo Stanley anamkuta Livingstone hapa Ujiji kwenye miembe, uone ilivyo juzi tu. 1873 jeshi likawa la kuandikisha kila kijana hata mtoto wa mkulima. 1876 wakakatazwa kutembea na upanga na ile posho ya mchele ikakatwa wakapewa hati za deni la serikali badala yake, na mwaka huo Mirambo yuko kwenye ubora wake huku Unyamwezi. Waliokasirika wakaasi chini ya Saigo Takamori wa Satsuma, na bandani watakuambia walikwenda na mapanga matupu kwa imani, aah, Saigo alikuwa na bunduki na mizinga pia, risasi zikamwishia. Akafa Septemba 1877 kwenye kilima cha Shiroyama. Waliobaki wakawa mapolisi, walimu, maafisa wa serikali, wafanyabiashara, wengine wakafilisika kabisa.

La mwisho ni umeme. Utakatika tu, tena kwenye pambano, na watu wameshalipa kiingilio. Usiwaache waanze kudai hela, kuwa na hadithi ya akiba, ya kwangu ni ya wale 47. Unaanza gizani taratibu, mwaka 1701 Mwami Asano kakorofishwa na mzee mmoja wa ikulu anaitwa Kira, akashindwa kuvumilia akamchomolea upanga ndani ya ngome ya shoguni, sehemu ambayo kuchomoa ni kifo, akamjeruhi tu hakumuua, siku hiyohiyo akaamriwa sepuku, ardhi ikachukuliwa, watu wake wote wakawa maronini. Kiongozi wao Oishi akajifanya mlevi, akalala barabarani, watu wakamdharau, wapelelezi wa Kira wakaripoti jamaa kaisha huyo, karibia miaka miwili anaigiza. Hapo unanyamaza kidogo, unaomba mtu akupe maji. Alafu usiku wa theluji, mwanzoni mwa 1703, wanaume 47 wanaenda kwenye nyumba ya Kira, wanamtafuta chumba kwa chumba, wanamkuta kajificha stoo, na asubuhi wanakipeleka kichwa kwenye kaburi la bwana wao pale Sengakuji, alafu wanakaa kusubiri hukumu, wanajua ni nini.

Nimeshaianza hadithi hii mara nyingi sana. Mara chache nimefika kwenye theluji, umeme unarudi tukiwa bado tuko na Oishi barabarani, muvi inaendelea, na kuna watu wananilipa mia tano nyingine kesho yake sio kwa ajili ya muvi, wanataka kujua yule mlevi aliishia wapi.